Shujaa Asiyetuma Salamu

Jumamosi, tarehe 5 mwezi wa 7

Suruali tatu za shule, kanzu moja ya kupunguza mikono, kisha sale, ukumbi wetu wa filamu. Jumamosi yangu ndiyo hiyo. Cherehani mpaka saa tisa, naoga, nabadili kikwembe, nakwenda kusimama kando ya televisheni ya shemeji yangu Ramazani na mikro ya kusemea mkononi.

Leo tumerudia sehemu ya sita ya Ukungu. Ramazani ameziba madirisha kwa mablanketi lakini jua linapenya kwenye matundu ya bati, na vumbi linaelea mle ndani taratibu. Yule mtu anayegeuka ukungu, mji wake wa maghorofa, watu wake wanaokimbia. Mimi nawasemea wote kwa Kiswahili. Kiingereza nilikisoma kwenye kambi ya wakimbizi, upande wa Kigoma, tulikokimbilia wakati wa vita nikiwa mdogo. Hapa Kabambare simjui mwingine anayekisikia. Nikisema huyu anaomba maji, basi anaomba maji.

Baada ya filamu, mabishano yale yale. Mwalimu Kalonda, aliyefundisha Kifaransa mpaka akastaafu, anasema tangu sehemu ya tano filamu hii imeoza. Waandishi wamechoka, wanaandika huku wamelala. Feruzi, dereva wa pikipiki anayetuletea filamu kutoka Kasongo, anasema tuvumilie, ya saba itanyoosha kila kitu. Wamepigiana kelele mpaka Ramazani akazima jenereta.

Nimekunja waya wa mikro. 

Jumapili, tarehe 6

Niandike, maana daftari hili halisomwi na mtu.

Filamu haijaoza. Niliiozesha mimi.

Sehemu ya nne ilifika miezi mitatu baada ya habari za Selemani. Selemani ni mume wangu. Alikwenda kuchimba dhahabu mbele ya Lusangi. Shimo lilianguka. Wenzake walitolewa, yeye hakuonekana. Hakuonekana: neno hilo nimelishika miaka minne. Asiyeonekana anaweza kuwa Kalemie. Anaweza kuwa popote.

Mwisho wa sehemu ya nne, Ukungu anajitandaza juu ya mji mzima ili jua la sumu lisiwaunguze watoto. Akijitandaza kiasi kile hawezi kujikusanya tena. Daktari anatoka nje, anatazama juu, anasema amekufa. Anasema wazi, hata mtoto wa darasa la kwanza kule kambini angesikia. Mikro ilikuwa mdomoni mwangu. Nikasema, "Amejificha. Atarudi."

Sale nzima ilipiga makofi.

Jumatano, tarehe 9

Asubuhi ukungu wa kweli umepanda kutoka mto Lwama mpaka mlangoni. Sikuwaona hata mbuzi wa jirani, nilisikia kengele tu. Nikakaa na kikombe, nikaona ni vizuri dunia kutoonekana.

Mama akaja akaketi karibu yangu. Mama mkwe, Bi Salima, naishi naye. Shehe amemwambia miaka minne ya kumngoja aliyepotea imetimia. Sasa naweza kukaa eda kama mjane yeyote, na nyumba inaweza kusoma hitima na kulia kilio chake. Lakini shehe hataanza mpaka mimi nikubali.

Nilisema hapana. Nilisema maiti iko wapi?

Akainuka, akaenda jikoni. Ana miaka minne hajamlilia mwanawe kwa sauti. Analia akikatakata vitunguu vya sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, ili aseme ni kitunguu. Mimi ndiye ninayemzuia. Najua. Uji wangu umeungua.

Ijumaa, tarehe 11

Uongo mmoja unazaa. Ya tano, wote wamevaa nyeusi: nikasema ni sare ya chama. Ya sita, binti yake Ukungu anapiga magoti mbele ya jiwe lenye jina la baba: nikasema ni alama ya mahali pa kukutana. Analia pale dakika nzima. Nikasema baba amechelewa.

Ndiyo maana wanasema waandishi wamelala. Wameiandika vizuri. Nimeisikiliza mara nyingi, iko sawa kama mshono ulionyooka. Mimi ndiye niliyeufumua.

Jumamosi, tarehe 12

Leo ilikuwa mechi, hakuna filamu. Lakini kabla ya mechi wakaanza tena. Safari hii si waandishi tena. Ni Ukungu mwenyewe.

Kijana mmoja muuza machungwa alisema hampendi tena. Wengine wakasema hata sisi. Hapo Mwalimu Kalonda akasimama. Akisimama anashika mgongo wa kiti kama yuko mbele ya darasa.

"Mutu iko muzima," akasema. "Anaona mutoto wake analia pale kwa jiwe. Na hatumi hata salamu. Filme mbili nzima, hata salamu moja! Huyo si shujaa. Huyo ni mutu mubaya tu."

Wakapiga makofi. Hata Feruzi, anayempenda Ukungu kuliko wote.

Mimi nilitoka nje. Nikasimama nyuma ya sale, penye moshi wa jenereta. 

Jumapili, tarehe 13

Hata salamu moja.

Jumatatu, tarehe 14

Nimeota Selemani amekuja. Hakubisha hodi, alipita chini ya mlango, mweupe, mwepesi, kisha akajikusanya penye kiti chake. Viatu hana. Nikamuuliza ulikuwa wapi miaka yote hii na mama yako hajui alale au aamke. Nilimkaripia sana. Alinitazama kama mtu anayesingiziwa.

Nimeamka na aibu. Selemani huyu, aliyekuwa akienda Lusangi siku mbili tu anatuma ujumbe kwa kila mwenye pikipiki. Waliniletea salamu zake mpaka nikachoka. Mwingine alipewa salamu na ndizi, akala ndizi njiani.

Angekuwa hai, ningekuwa nimesikia.

Nimeiandika. 

Jumanne, tarehe 15

Feruzi amerudi kutoka Kasongo, mwekundu wa vumbi mpaka kope. Ameleta sehemu ya saba kwenye kadi ya kumbukumbu. Ameleta na mengine.

Kule Kasongo ameona sehemu ya nne kwa Kifaransa. Kabla hajashuka vizuri kwenye pikipiki, akaanza kupiga kelele mbele ya dirisha ninaposhonea, watu wakajaa, Mwalimu akiwemo. "Alikufa! Ukungu alikufa zamani! Nimeona na macho yangu, docteur anasema wazi!"

Nilikuwa napima kiuno cha mteja. Nikapima mara tatu, mara tatu namba tofauti. Nilingoja wageuke wanitazame.

Wakageuka kwa Mwalimu, kwa sababu Kifaransa ni chake. Na Mwalimu, mwenye miaka yote ile ya kufundisha Kifaransa, akamcheka Feruzi. "Wafaransa wanapenda kifo. Bila kifo, kwao hakuna filme. Wamegeuza maneno. Mama Mwamini ndiye anasikia Kiingereza chenyewe. Ukweli iko kwake."

Akaninyooshea mkono. Heri angenipiga kofi.

Alhamisi, tarehe 17

Mji umegawanyika. Sokoni, wauza mafuta ya mawese ni wa "amejificha," wauza samaki ni wa "amekufa." Kwa fundi wa baiskeli wamekataa kutengenezewa pamoja. Hata mapadri wameulizwa. Kila anayepita dirishani kwangu anasema, usijali, sisi tuko upande wako.

Mwalimu alikuja mwenyewe jioni mapema, na kofia mkononi. Alisimama mlangoni kwa heshima, hakuingia, nyumba ya wanawake wawili. Akaniambia nisivunjike moyo kwa maneno ya Feruzi. Akasema katika sale ile yeye anaweza kumshuku kila mtu, mwandishi, mwigizaji, hata mwenye jenereta, lakini sauti yangu hajaishuku hata siku moja. Mama akamletea kiti, akakataa. Aliondoka akikanyaga kwa uangalifu penye tope la maji ya kuogea.

Nilijichukia. Sina neno laini la kuweka hapo.

Ijumaa, tarehe 18

Baada ya sala nilimwambia Ramazani kesho tusianze na ya saba. Aweke ya nne. Akauliza kwa nini. Nikasema weka tu, shemeji.

Alinitazama. Selemani ni kaka yake, macho yao ni yale yale. Akasema sawa.

Jumamosi, tarehe 19

Sale ilijaa mpaka mlangoni. Wa "amekufa" upande wa kushoto, wa "amejificha" upande wa kulia, kama harusi. Mama alikuwepo. Hajawahi kuingia mle. Nilimwomba asubuhi aje, akafunga ushungi bila kuuliza. Wakampisha benchi la mbele.

Filamu ikaenda. Nilisema kila kitu kama kilivyo, sikuongeza hata chumvi. Vumbi lilikuwa linaelea kwenye mishale ya jua, na mwanga mweupe wa televisheni ukawafikia usoni wote, wazee na vijana, wakawa kama watu walio ndani ya maji. Ukungu akajitandaza. Watoto wa mji ule wakanyanyua vichwa, jua haliwaunguzi. Daktari akatoka. Akatazama juu.

Nikasema, "Amekufa."

 Nikasema tena, maana mara ya kwanza sauti ilikuwa ndogo. "Amekufa. Alikufa siku ile ile. Niliwadanganya. Hakujificha, hakumwacha mtoto wake. Alikufa akiwafunika wengine."

Kisha nikaweka mikro juu ya meza, nikageuka kwa Mama. Hiyo haikuhitaji mikro. Nilimwambia, "Mama, Selemani amekufa."

Alilia. Alilia kwa sauti, pale mbele, na wanawake wa mlangoni wakaingia wakamshika. Ramazani alisimama kando ya televisheni na mikono kichwani. Nikalia na mimi, bila haya yoyote, filamu ikiendelea na maneno yake ya Kiingereza ambayo hakuna wa kuyasema.

Nilidhani watanizomea. Miaka minne niliwauzia filamu mbovu. Feruzi, mwenye haki ya kunicheka, alivua kofia yake ya pikipiki akaishika tumboni. Mwalimu Kalonda alikuwa amekaa anatazama sakafu. Midomo yake ilikuwa inacheza, kama mtu anayesahihisha karatasi moja baada ya nyingine. Mwishowe akasimama, akashika mgongo wa kiti.

"Kama alikufa," akasema polepole, "basi ya tano iko muzuri."

Akafikiri tena.

"Na ya sita iko muzuri zaidi. Ule mutoto kwa jiwe... Ah. Muzuri sana."

Watu wakaanza kunong'ona, sare zile nyeusi, jiwe lile, kumbe, kumbe. Nilisikia kumbe ngapi sijui. Tulitoka na Mama katikati yao, wakatupisha njia.

Jumapili, tarehe 20

Shehe alikuja baada ya adhuhuri. Nimekubali. Eda imeanza leo, miezi minne na siku kumi. Sitoki, sipaki manukato, sishoni nguo za sherehe. Hitima imesomwa, ua umejaa watu, sombe ya sufuria nne. Mama amelia mpaka akalala mchana, mdomo wazi, kama mtoto aliyeshiba.

Nina huzuni. Ni nzito lakini ina umbo, naweza kuibeba.

Jumatatu, tarehe 28

Kitu kimoja sikukifikiria. Sale haina sauti sasa. Ya saba iko kwenye kadi, na mimi niko ndani mpaka mwezi wa kumi na moja. Feruzi anaweza kuleta ya Kifaransa kutoka Kasongo, Mwalimu akaisema. Ni haki yao. Wamengoja sana.

Nimejikuta na wivu. Mjane mwenye wivu wa filamu. Selemani angecheka.

Jumanne, tarehe 12 mwezi wa 8

Ukungu tena asubuhi. Nimefungua dirisha upande wa Lwama ukaingia kidogo, ukalala juu ya cherehani iliyofunikwa, kisha ukaondoka wenyewe.

Mama alikwenda sokoni. Anatembea wima siku hizi. Alirudi na chumvi, na dagaa, na kitu kidogo kilichofungwa kwenye karatasi ya daftari la shule. Amepewa na Ramazani, kwa niaba ya wote. Ndani kuna kadi ya sehemu ya saba.

Sale inaonyesha mechi tu, Mama anasema, na mabishano ni ya mpira. Wamekubaliana, kushoto na kulia. Hakuna atakayeiona ya saba hapa Kabambare mpaka nitoke. Feruzi ameapa hata akiwa Kasongo atafumba macho. Kadi nikae nayo mimi, ili asiwepo wa kushawishika.

Kwenye karatasi, mwandiko wa Mwalimu, ulionyooka, mstari mmoja. Wote wa sale wanakusalimu.

Nimeisoma mara mbili. Nimeweka kadi kwenye kopo la sindano, karatasi juu yake, nikafunika. Mama ananiita, dagaa wanahitaji kuchambuliwa.