Sentensi ya Mama Kwenye Kompyuta

Timbwani, Likoni
Juni 1995

Kaka yangu mpenzi Rashid,

Assalamu alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Maskati, na kwamba joto la gereji limepungua makali. Sisi huku miili ni mizima, alhamdulillahi. Mama anakusalimu, ingawa salamu hizo nilizipata kwa kumbembeleza, na nitakueleza kwa nini.

Ile kazi ya kamusi nimeiacha. Usinikasirikie kabla hujasoma hadi mwisho.

Kazi yenyewe ilikuwa kuifundisha kompyuta kukata maneno ya Kiswahili vipande vipande bila msaada wa mtu. Ukiitilia "anapika", inalikata vizuri. Taabu ilikuwa kwenye kukanusha, maana "hapiki" lina kipande mbele na kingine nyuma, na mashine haikujua kuwa viwili hivyo ni kitu kimoja. Ilinibidi niviingize kama jozi, kisha niipe kila jozi mifano iliyotoka vinywani mwa wazee wenyewe. Inachosha macho, lakini nilikuwa naipenda.

Mifano ndiyo ilikosekana. Wazee wetu unawajua. Mwombe bibi wa Jomvu Kuu aseme fulani haponi, fulani haamki, atakujibu kuwa Mungu atamjaalia. Hawamtamkii mtu shari, hasa akiwa hayupo. Nilimweleza mkubwa wetu, Bwana Nicanor, kwamba hiyo ndiyo adabu yao, basi tutumie mifano ya mvua na kuku. Akanijibu kwa dharau kwamba sisi watu wa pwani tunaogopa maneno kama watoto wanavyoogopa giza. Kinyaa changu kilianzia hapo.

Baada ya siku kadhaa nilivaa hedifoni niandike yaliyonaswa kwenye kanda mpya ya mifano. Kitu cha kwanza nilichosikia ni jogoo wetu, yule anayewika kama ana kifua. Kisha mama akimkaribisha mgeni. Kumbe Nicanor alikwenda nyumbani nikiwa kazini, na kinasa sauti na paketi ya sukari mkononi. Mama akamtandikia ule mkeka mzuri, akampikia chai ya tangawizi. Alipoulizwa kama ana mtoto ughaibuni, akasimulia habari zako mpaka nikatabasamu peke yangu. Ndipo yule bwana akamtaka aseme kuwa mtoto huyo haonekani tena. Mama akamwambia Mungu atamleta. Yule bwana akashikilia. Mama akauliza, kwa upole kabisa, je, akikataa, binti yake ataharibikiwa kazini? Kaka, yule mtu hakumwambia la. Alicheka tu.

"Ni maneno tu, mama. Mashine haina masikio."

Mama akasema, "Rashid haonekani tena." Na papo hapo, "Astaghfirullah."

Mama hajui kumvunjia mgeni moyo, na yule alilijua hilo akalitumia.

Sijavua hedifoni, Nicanor akaja kusimama nyuma yangu akitafuna karanga. Akaniamuru niiondoe ile astaghfirullah, maana inaivuruga mashine, nibakishe sentensi. Wallahi, sentensi ndiyo niliyoifuta, na kanda nikaifuta, nikachukua buibui langu nikatoka. Ile sukari mama hakuwahi kuifungua. Nimeitupa jalalani.

Nilimwambia mama kuwa nimefuta kila kitu. Akasema kule kwenye mashine kumefutika, lakini yeye alilitamka kwa kinywa chake. Unakumbuka nilivyokuandikia kwamba kila Ijumaa mama alikuwa akikupakulia fungu lako, akalifunika kawa, kisha likaenda kwa watoto wa jirani yetu Kadzo? Ameacha. Sahani yako iko rafuni, tupu. Anasema mkono haumwendi. Na yeye mwenyewe anakula tonge mbili anainuka, amekonda mpaka kanga inamtoka kiunoni.

Hili ndilo lililonifanya nikuandikie. Usitume pesa wala picha, na barua yako nikimsomea ataitikia tu ili kuniridhisha. Omba ruhusa, japo ya siku chache, akuone kwa macho yake. Ukifika usibishe hodi mbele kama mgeni. Pitia uani kama zamani, umwambie una njaa.

Wasalimie wenzako wote wa gereji. Kadzo na wanawe wanakusalimu. Sahani nimeiosha.

Ni mimi mdogo wako,
Mwanatatu