Kiti cha Sentimita Sitini na Tano

Jumatatu, 3 Machi

Daktari wa viungo kapiga simu tena. Mara ya tatu hii. Mguu wa kushoto wa Mzee ukikaa hivi mwezi mmoja zaidi bila mazoezi ya pale hospitali, utakakamaa. Na ukikakamaa, basi tena. "Mama, mlete," anasema. Utadhani nimemfungia kabatini!

Nimlete vipi? Mume wangu ana miezi saba hajavuka mlango wa mbele. Tangu ile siku aliporudi baada ya kiharusi, watu wanne wakamtoa garini, jirani yetu seremala kashika miguu, anasema, "Taratibu jamani, mzigo mzito huu!" Utani tu, maskini. Lakini Mzee alisikia. Akala kiapo kwamba hapandi gari tena. Mtu aliyeendesha gari la wagonjwa miaka ishirini na nane! Mtaa mzima unamwita King'ora.

Leo nimemrudia. Kanijibu, "Mimi ni wa kubeba, si wa kubebwa." Nikamwambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Akasema yeye si koleo. Hapo mazungumzo yakaisha.

Mchana nikaenda uani kukaa ndani ya Bi Mkubwa, gari letu la miaka yote. Nikakaa kiti cha abiria, nikajaribu kutoka bila kutumia mguu wa kushoto. Nimeshindwa. Mimi, mzima wa afya! Kiti kiko chini mno, kutoka kwake ni kama kutoka shimoni. Kumbe tulikuwa tunamlaumu Mzee bure.

Jumanne, 4 Machi

Nimefunga cherehani, nimeshinda napima nyumba. Futi yangu ya kupimia nguo haijawahi kushuka sakafuni namna hii. Kochi: 41. Kiti cha Bi Mkubwa: 44. Kiti cha mezani: 46. Kitanda cha chumba cha nyuma, kile kirefu alichokuwa akilalia marehemu mama mkwe: 64.

Sasa. Kwenye kochi Mzee anainuliwa. Kwenye kiti cha mezani anainuka kwa kusukuma meza, na matusi juu yake. Lakini kitanda cha nyuma — anateleza tu, huyo kasimama. Peke yake! Miezi yote hii naliona hilo kila siku na sikulitia akilini.

Ili niwe na hakika ikabidi nimpime na mwenyewe. Nikamdanganya namshonea suruali. Kasimama kashika kabati, nikavuta futi kutoka kisiginoni mpaka chini ya makalio, nikaandika. Akauliza, suruali gani hiyo inayoishia makalioni? Nikasema ndiyo mitindo ya siku hizi. Akacheka — kwa upande wa kulia, ndiko anakochekea sasa.

Nikakumbuka mara ya kwanza kumpima. Nilikuwa na meza moja barazani kwa shangazi na cherehani ya kuazima. Akaja na sare yake ya kazi, mikono mifupi, nirefushe. Nikarefusha. Wiki ya pili karudi, nirefushe tena. Wiki ya tatu, tena! Nikamwambia, kaka, mikono yako bado inakua au una shida nyingine? Akaona haya mpaka akasahau sare yenyewe mezani. Miaka thelathini na nne hiyo. Nilikuwa na furaha ya kijinga siku ile, na leo nikiwa nimepiga magoti na futi mkononi imenirudia yote.

Alhamisi, 6 Machi

Kifungua mimba wetu kapiga simu kutoka kazini kwake. Tumekubaliana: Bi Mkubwa auzwe, yeye aongezee, tupate gari ambalo baba yake ataingia na kutoka mwenyewe. Ila yeye anataka nichukue kubwa. "Baba ni mtu wa heshima, Mama." Nikamwambia heshima haina ngazi.

Nimekwenda duka la magari na futi shingoni, kama nilivyoamka. Dada muuzaji kanipokea vizuri, mama mtu mzima kama mie, kavaa viatu virefu vinavyomuua. Kanipeleka kwenye gari dogo la juu, fupi toka pua hadi buti, limeinuka kidogo, mgongo mpana. Akaanza wimbo wake: kinacholitofautisha na washindani wake, mama, ni skrini hii. Na kamera ya nyuma, na gia za otomatiki. Na taa zinazokuamkia ukikaribia. Na buti linalojifungua ukilipungia mguu!

Nikamuuliza, kiti cha abiria kiko sentimita ngapi kutoka chini?

Akafungua kijitabu. Kimo cha gari kimo, upana umo, hata ujazo wa buti kwa lita umo, sijui wanatia maziwa. Urefu wa kiti? Haupo. Kapiga simu ofisini, huko nako hawajui. Akasema hakuna mteja aliyewahi kuuliza. Basi nikavua futi nikapiga magoti. Mlinzi mlangoni kajishika mbavu kwa kicheko. Acheke! Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Jeupe la chini, ambalo nimelipa jina la Bibi Harusi: 55. Bado shimo. Lile kubwa la heshima, Askari: 83, na kuna kidaraja cha kukanyagia. Mzee apande ngazi? Ng'o. Kisha hili dogo la juu, Kibonge: 65!

Nikarudia. 65. Mlango unafunguka karibu wote, kizingiti chembamba, na juu kuna mshikio wa kujishikia. Nikakaa, nikatoka bila mguu wa kushoto. Nikakaa tena, nikatoka tena. Dada muuzaji akavua viatu akajaribu na yeye. Machozi yalinilenga, siyafichi humu. Kiti cha gari kunitoa machozi mwanamke mzima!

Jumamosi, 8 Machi

Nisije nikaingia kichwa kichwa, leo nimezunguka maduka mengine mawili kutazama wenzake Kibonge. Yote madogo ya juu, yote kwa macho ni ndugu wa tumbo moja. Kumbe hapana. Moja kiti 66, safi, lakini nguzo ya mlango imelala, na Mzee ni mrefu, angejichana paji la uso kila safari. La pili 70, na kizingiti kipana hivi, unavuka kama unavuka mtaro. La tatu mlango unafunguka nusu tu, la nne kiti kina kingo zilizovimba, ukikaa zinakubana, kuteleza hakuna.

Muuzaji wa huko, kijana wa tai, kanihubiria nguvu za farasi mia na thelathini. Nikamwambia sina pa kuwafuga.

Narudi kwa Kibonge. Sasa nakijua hasa kinachomtenga na wenzake, na hakimo kwenye kijitabu chochote.

Mzee kaniuliza nilikuwa wapi. Nikasema kununua vifungo. Kaniangalia. Hakuuliza vingapi.

Jumapili, 9 Machi

Mnunuzi wa Bi Mkubwa kaja kumwona, fundi bomba, mtu mpole. Kampenda. Atamchukua Jumatano. Nikabaki kumsafisha.

Mtu asije akaniambia gari ni chuma tu! Chini ya kiti cha nyuma nimetoa ndala moja ya mtoto, penseli iliyotafunwa, kibanio cha nywele cha kifungua mimba, na sindano yangu ya mkono iliyopotea mwaka aliozaliwa kitindamimba. Kumbe miaka yote tulikuwa tunaikalia.

Jumapili ndiyo ilikuwa siku yetu. Siku sita Mzee alikimbiza wagonjwa, king'ora juu, roho mkononi. Ya saba anatutia sote garini, anaendesha pole pole mpaka baiskeli zinatupita. Watoto wanapiga kelele, Baba kimbia! Anasema leo hakuna anayekufa, tunakimbilia wapi? Wakirudi wote wamelala nyuma, miguu ya huyu usoni kwa yule, na yeye ananiwekea mkono magotini kila gia ikitulia. Sikujua kama ile ndiyo raha yenyewe. Nilidhani raha inakuja mbele.

Na alivyonifundisha kuendesha! Uwanja wa shule, likizo, hakuna mtu. Hakukaa ndani. Alitembea pembeni, mkono kwenye dirisha langu, gia ya kwanza, ananiambia, "Twende wote." Nilipoongeza mwendo akakimbia. Nilipoongeza tena akaachia. Nikalia nikidhani nimemwangusha, kumbe yuko nyuma anapiga makofi.

Leo alikuwa dirishani ananitazama nikifuta vumbi. Mezani akangoja nitoe sahani. Kisha: "Umemwambia huyo bwana kwamba gia ya pili inataka subira?"

Nikasema nitamwambia. Nikaenda jikoni nikafungua bomba ili asinisikie.

Jumatano, 12 Machi

Bi Mkubwa kaondoka. Kawaka kwa mara moja, kama anayejionyesha. Uani limebaki doa la oili.

Mzee hakula mchana.

Ijumaa, 14 Machi

Vibaya sana leo.

Dada muuzaji kakubali kutuletea Kibonge kesho hapa nyumbani tumjaribu kabla ya kutia saini. Na daktari kanipa nafasi Jumatatu asubuhi. Nikaona wakati umefika, nikamwambia Mzee yote: kitanda cha nyuma, suruali ya uongo, magari saba, 65. Nilidhani atafurahi. Nilidhani atanisifu! Kasema, "Sipandi."

Nikaeleza upya. Hakuna wa kukubeba, Mzee, unateleza mwenyewe, umeshika juu, nimepima. Kasema, "Nimesikia. Sipandi."

Hapo maji yakazidi unga. Nikapiga kelele mpaka mteja aliyefuata gauni lake kageukia mlangoni. Nikamwambia nimechoka kuwa mjane wa mtu aliye hai. Ndivyo nilivyosema. Ulimi hauna mfupa. Uso wake ulinywea, nikatamani nijikate huo ulimi kwa mkasi wangu mwenyewe.

Nimeomba radhi. Kasema si kitu. Mtu akisema si kitu namna ile, ni kitu. Kisha akaomba nimpe daftari la vipimo, si hili ninaloandikia. Nimemwachia.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika nimesimama dirishani, daftari nimeliegemeza kwenye cherehani. Sijui kama nitausoma mwandiko huu.

Dada muuzaji kaleta Kibonge saa tatu kamili, kaegesha uani karibu na kibaraza. Leo kavaa ndala, nimempenda zaidi. Nikaingia ndani kumwambia Mzee limefika. Nikamkuta kavaa. Shati la kola, vifungo kavifunga mwenyewe kwa mkono mmoja, cha katikati kakikosea. Daftari la vipimo liko magotini.

"Sitini na tano," anasema. Nikasema ndiyo. "Na lile la kizingiti kipana umelikataa." Nikasema ndiyo. "Umefanya vizuri." Kafungua ukurasa, kafungua mwingine, karudi nyuma. Kisha akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Na upande wa dereva ni ngapi?"

Nikachukua daftari. Nikatafuta. Magari saba, kurasa nne, kiti cha abiria, kiti cha abiria, kiti cha abiria. Sikupima. Hata kimoja! Haikunijia hata kidogo. Nimezunguka mji mzima kumtafutia mume wangu mahali pa kukaa, na mahali pake mwenyewe nimeparuka. Nimemkatia nguo bila kumuuliza. Niliona aibu ambayo sijapata kuiona.

Akasema, "Mkono wa kulia mzima. Mguu wa kulia mzima. Otomatiki inataka mguu gani?"

Nikasema, daktari... Akasema, daktari alisemaje? Nikasema ukweli: alisema kuhusu kuendesha tutaona, baada ya mazoezi. Huenda ndiyo, huenda hapana.

"Na mazoezi yako wapi?"

Nikasema, hospitali.

"Haya."

Akajisukuma kwenye meza, safari hii bila matusi. Akanivua futi shingoni, akaivaa shingoni kwake, akachukua mkongojo. Nikataka kumshika kiwiko, akanitazama, nikarudisha mkono. Kavuka mlango wa mbele. Nimeandika hivi: kavuka mlango wa mbele! Ngazi mbili za kibaraza zimemchukua muda wa kuchemsha chai, lakini kazishuka.

Sasa yuko pale. Hakwenda upande wangu niliopima. Kazunguka mbele ya gari, kashikilia boneti, kafungua mlango wa dereva. Dada muuzaji kataka kusaidia, kafukuzwa kwa kidevu. Mkongojo kaulaza kwenye gari. Anateremsha futi, inacheza na upepo, haigusi chini. Anaikanyaga kwa kiatu, inachomoka. Ameinama tena. Mungu wangu, asianguke. Kwa mkono mmoja haiwezekani, na anajua kwamba haiwezekani. Ameinua kichwa anatazama dirishani.

Ananiita. "Fundi! Njoo unishikie huku chini, hii ya juu nimeishika mimi."