Mstari wa Jua la Kwanza: Kwako Baba Eilif Kvalnes

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipotutoka tarehe thelathini Januari, siku tisa baada ya jua kurudi juu ya mlima wetu.

Tunakukumbuka karakanani, penseli sikioni, ukichonga saa za kivuli, zile zinazosomwa kwa jua. Torleif alipokuletea moja kutoka Italia, ulicheka hadi kahawa ikakupalia. "Mwanangu, mshale wake wa kutupa kivuli umelala chali kama mtalii! Huku kwetu kaskazini ya mbali mshale lazima usimame, na saa zizunguke zote ishirini na nne, maana kiangazi jua halilali." Hata hivyo uliitundika dirishani, asije akajisikia vibaya.

Ya mwisho uliichonga kwenye ukuta wa kusini wa banda la mashua. Mistari yote uliipiga kwa hesabu, isipokuwa mmoja: wa siku jua linaporudi baada ya miezi miwili ya giza. "Mlima haujui hesabu," ulisema. Lazima mtu asimame pale na chaki, akiwekee alama kivuli chake, maana siku hiyo jua huchungulia dakika nne tu. Mwaka wa kwanza, mawingu. Wa pili, tufani ya theluji. Wa tatu wewe ulikuwa hospitali, ukanituma mimi, Ragnfrid.

Baba, niseme kweli mbele za watu. Mbingu zilikuwa safi. Nilikuwa jikoni kwa jirani yetu Oddny, tunakula maandazi ya jamu ya kulipokea jua, tunapiga soga. Niliposhtuka, lilikuwa limeshazama. Uliponipigia simu nikasema, "Mawingu matupu, Baba."

"Haya, mwanangu. Mwakani."

Mwakani gani, Baba?

Krismasi hii Mama alinipa daftari lako. Siku ile umeandika: "Oddny kapiga simu, anasema jua lilitoka zuri. Ragnfrid alisahau. Asiambiwe kwamba najua." Ole wangu! Afadhali ungenitukana.

Juzi juzi, tarehe ishirini na moja, nilisimama ukutani tangu saa nne asubuhi. Andazi sikugusa. Torleif akaja kunivuta mkono, "Dada, ingia ndani, utaganda bure!" Nikamwambia aniache. Nilikaa hadi saa nane. Safari hii ni mawingu kweli, Baba.

Unakumbukwa na mkeo Borghild, mwanao Torleif, wajukuu zako Aslaug na Jostein, jirani yako Oddny, na mimi. Kwetu hutasahaulika kamwe. Chaki bado iko mfukoni mwangu.