Mtoto wa Udongo Uliyemtia Mfukoni

Restituta mjukuu wangu,

Krismasi ya tatu hii inakuja na mguu wako haujakanyaga Mabawa. Usinihesabie simu. Simu si mtu. Kila Jumapili baada ya misa unanitokea kwenye simu ya Mama Beata, uso umeijaza yote, "Shikamoo bibi, umekula?", na kabla sijakujibu picha inaganda, mdomo uko wazi. Mimi nabaki naitikia marahaba kwa mdomo ulioganda. Shikamoo huletwa kwa miguu, mwanangu, na kichwa kinainamishwa nikakishika. Kichwa chako sijakishika tangu siku uliyonisindikiza uwanja wa ndege nirudi kwetu, na hata siku hiyo nilikishika juu juu, kwa sababu nilikuwa nimenuna.

Bado nimenuna. Ndiyo maana namwandikisha Mama Beata barua hii, maana unajua shule mimi niliiona kwa nje tu, nikipita na mtungi kichwani. Mama Beata anataka kulainisha. Ameshaniuliza mara mbili kama aweke "nakukumbuka sana" pale mwanzo. Nimemwambia aandike ninavyosema, asitie sukari, wewe meno unayo.

Nikueleze kwa nini leo. Mwezi huu nimefinyanga mtoto Yesu wa pango la kanisani mara tatu, na mara zote tatu amepasuka motoni. Wa kwanza alipasuka kichwa. Wa pili mgongo. Wa tatu nilimkausha kivulini siku tisa, nikamchoma kwa makumbi ya nazi moto wa taratibu kabisa, nikafukua majivu nikakuta vipande viwili vinanitazama. Udongo ni ule ule wa Muheza. Vigae vya kuchanganyia udongo nimesaga mwenyewe, nimechekecha mwenyewe. Hakuna kilichobadilika ila mimi.

Na wewe unaijua kanuni ya mikono yetu. Bibi yangu alimpa mama, mama akanipa mimi, mimi nikakupa wewe ungali na pengo la meno ya mbele: mwenye kinyongo hagusi udongo mpaka amwambie aliyemkosea. Unakumbuka siku uliyogombana na binti wa nyumba ya pili kwa ajili ya kamba ya kuruka? Ulikuja umevimba kama andazi, unataka kukanda. Nikakurudisha. Nikakwambia, "Nenda kamwambie kwanza." Ukaenda ukamwambia, ukarudi na mkwaruzo shavuni, ukakaa chini ukafinyanga kondoo. Akatoka motoni mzima, mguu mmoja mfupi. Kondoo yule tunaye mpaka leo, kila mwaka namwegemeza kwenye jiwe asianguke.

Basi na mimi nakwambia.

Uliponiita Verona nilikuja. Mguu wangu wa kushoto ulikuwa unaniuma tangu Pasaka lakini nilikuja. Mwenyewe ulisema, "Bibi, lazima uone Krismasi ya huku, kuna masoko yake." Nikabeba kifurushi changu, na ndani ya kifurushi, katikati ya kanga nne, nikamlaza mtoto wa udongo niliyekufinyangia wewe, uwe naye nyumbani kwako. Pale uwanja wa ndege walimpitisha kwenye mashine yao wakamgeuza geuza. Nikawaambia, "Taratibu, huyo ni Yesu." Wakamrudisha kwa mikono miwili. Wale hawakuwa hata Wakristo, na mikono yao ilijua adabu.

Siku ya sokoni ulinivalisha koti la mumeo Paolo likanifika magotini, ndani nina kanga mbili na soksi tatu, nikawa kama gunia la mkaa lenye kichwa. Ulinicheka, nami nikakucheka na pua yako nyekundu. Hicho kicheko kilikuwa kizuri, sikidai kitu. Ukanionyesha ule uwanja wa mawe wa zamani, wa mviringo, ukaniambia kale walikuwa wakichinjana humo watu wakiangalia, na sasa wametoa ndani yake nyota kubwa ya chuma, mkia uko ndani ya uwanja na kichwa kimekita chini barabarani, watu wanapiga nayo picha. Nilisimama pale muda. Nikasema angalau wamepata la maana la kufanya na nyumba ile.

Kisha tukaingia kwenye vibanda. Vibanda vya mbao, vimepangwa kama vya maonyesho, taa kila kona na ni mchana. Mimi nilimsalimu kila muuzaji kabla sijatazama bidhaa yake, habari za kazi, habari za asubuhi, ukaniambia, "Bibi, hatutafika." Nikakwambia nani amekutuma kufika. Wakanipa kokwa zao kubwa za kuchoma, zina ladha ya kiazi kitamu kilichosoma. Kibanda cha machungwa yaliyochomekwa karafuu nilisimama nikanusa mpaka yule mama akaanza kuniogopa. Nikamwambia, "Hii ya kwetu, ya Pemba," akacheka tu, hajui nisemalo. Nilimletea Bi Saada wa hapa nyuma chungwa moja, kwa kuwa Mpemba ni yeye, akanusa akasema, "Karafuu imetoka kwetu imekwenda Ulaya, imerudi imevaa chungwa." Amelitundika hadi leo. Limekuwa gumu kama jiwe.

Mpaka hapo nilikuwa na furaha, Resti. Andika hiyo, Mama Beata, asije akasema nilikwenda kununa.

Halafu tukafika kwenye ule ua wenye mnara, na rafiki zako wa kazini wakatukuta, wale wawili, pamoja na bosi wako mwenye nywele fupi. Katikati ya ua kulikuwa na pango. Pango la haja. Maria ananifika gotini, Yosefu na taa yake, ng'ombe, punda, mpaka mwoka mikate na tanuri lake. Na hori katikati, nyasi safi, tupu. Mtoto hayupo.

Sasa mimi nilijuaje? Parokiani kwetu pango hujengwa siku moja, na mtoto huingia siku hiyo hiyo pamoja na mama yake, kwa sababu hatujui mama gani amewahi kukaa kibandani akimtazamia mtoto wa kuletewa. Nilidhani ameibiwa. Nilidhani amevunjika na wameona aibu kusema. Nikajisemea, maskini, watu hawa wana kila kitu, mtoto hawana. Nami ninaye kwenye mkoba, kwa sababu tangu nifike hukuwa umetulia nikupe. Nikavuka ile kamba yao nikamlaza. Alikaa sawasawa, kana kwamba walichonga hori wakimpima yeye.

Mwenye kibanda cha jirani akapiga kelele. Watu wakageuka. Ukaja mbio ukamchomoa mtoto wangu kwa vidole viwili kama mtu anayetoa nzi kwenye chai, ukamtia mfukoni mwa koti lako pamoja na funguo. Ukaniambia, "Bibi, unaniaibisha." Kisha ukageuka kwa bosi wako ukasema kitu kwa lugha yao, wakacheka wote wanne, na wewe ukiwamo. Hicho ndicho kicheko ninachokudai.

Kuna kitu hukukiona kwa sababu ulikuwa unacheka. Kulikuwa na bibi mmoja wa Kitaliano, ana kofia ya manyoya na mkongojo. Nilipomlaza mtoto, yeye alipiga ishara ya msalaba. Ulipomchomoa, alinishika mkono, akaubana. Mkono wake ulikuwa na baridi kuliko wangu. Nimemwombea huyo kila jioni, jina lake silijui.

Nyumbani ndipo ukanieleza, tena umenipa mgongo unakatakata vitunguu, kwamba kwao hori hukaa tupu mpaka usiku wenyewe wa kuzaliwa. Basi si ungeniambia pale pale, umenishika mkono? Ni maneno mangapi hayo? Wewe ulipofika kule mwaka wa kwanza hukujua bomba lipi la maji ya moto, ukajiunguza bega, ulinisimulia ukilia. Nilikucheka? Nililia na wewe, mimi huku nimekaa kwenye kigoda, wewe huko umekaa bafuni. Na kazi yako ni kuosha wazee. Unawafuta midomo, unawaita bibi kwa lugha yao, wakikosea njia ya chooni unawashika bega unawageuza polepole. Nilikuona kwa macho yangu siku uliyonipeleka, nikasema moyoni, huyo nimemlea mimi. Basi kilichokushinda kunigeuza mimi polepole ni nini?

Miaka imepita. Umezaa. Danieli ana miaka miwili na mimi namjua kama ninavyomjua msoma habari, yuko ndani ya kioo.

Halafu mwezi uliopita ukatuma sanduku. Nililifuata mpaka Usagara kwenye ofisi ya mizigo, nikarudi nalo na bajaji nimelikumbatia, sijui lina nini. Tukalifungulia kanisani kwa sababu ndivyo ulivyoagiza. Maria wa Kitaliano, Yosefu wa Kitaliano, ng'ombe, wafalme watatu wanang'aa kama milango ya benki. Katekista akafurahi akasahau nimesimama pale. Akawatoa wangu akawafungia kabatini, Maria wangu mwenye mbeleko mgongoni, na kondoo wako wa mguu mfupi. Ananiambia kwa upole, "Bibi Anastazia, hawa wako tumewapumzisha." Nikamuuliza, "Wamekuambia wamechoka?"

Kisha akaanza kumtafuta mtoto. Akakung'uta makaratasi, akapindua sanduku, akaingiza kichwa. Hayumo. Umetuma Bethlehemu nzima, mtoto hukumtuma. Akanigeukia mimi sasa. "Bibi, mtoto wako wa zamani amemomonyoka, utatufinyangia mwingine?"

Nikafinyanga wa kwanza, nikafinyanga wa pili, wote wakapasuka, ndipo Jumapili moja nikakuuliza kwenye simu. Ukasema, "Wa dukani sikumnunua, bibi. Nilijua utamfinyanga wewe. Yule wa udongo ninaye, nimemweka jikoni karibu na chumvi. Danieli humbusu kila asubuhi kabla ya uji." Simu ikakatika. Mama Beata akasema ni mtandao. Haukuwa mtandao. Ni kidole changu.

Nilirudi nyumbani nikidhani yamekwisha. Nikajisemea, Anastazia, mtoto ametolewa mfukoni, anabusiwa, unataka nini tena? Nikakanda. Ndiye yule wa tatu, yule aliyetoka vipande viwili. Nikakaa na vile vipande mapajani mpaka nikaelewa kuwa hasira yangu imehama. Imetoka mfukoni mwako imekwenda jikoni kwako. Danieli anabusu kilichotoka mikononi mwangu, na mikono yenyewe haijui. Akikua utamwambia nini? Kwamba kilitoka sokoni? Kidole gumba changu cha kulia hakikunji tena, Resti, kichwa cha wa tatu nilikilainisha kwa kiganja. Wafinyanzi mtaa huu nimebaki mimi. Mwingine ni wewe, nawe unaagiza dukani.

Kwa hiyo wa nne sifinyangi. Nimemwambia katekista pango alijenge, hori aliache tupu. Akasema waumini watauliza. Nikamwambia awajibu kwamba Ulaya hori hukaa tupu mpaka mtoto afike, ndio utaratibu, bibi ameuona kwa macho yake. Amekuna kichwa, amekubali. Na kondoo wako nimemtoa kabatini mimi mwenyewe, nimemwegemeza kwenye jiwe lake, mbele ya wafalme wako. Pango letu husimama mpaka Sikukuu ya Ubatizo wa Bwana, Januari. Muda ulio nao ni huo. Mama Beata ameinua kalamu ananitazama. Anasema ni ukali. Ndiyo, ni ukali. Mtu hamfanyii ukali huu asiyemtaka.

Sikiliza sasa. Yule wa udongo usimtie kwenye begi la kwenda chini ya ndege, mshike mkononi. Ukishuka stendi usipite kwa mtu, hata kama ni shangazi yako, njoo hapa moja kwa moja. Ukifika mlangoni simama nje, wewe na Danieli. Nitatoka na kikombe cha maji, nisukutue, niteme pale kizingitini kama alivyofanya mama yangu, kinyongo kianguke chini mtoto akikiona. Hapo ndipo uniamkie, na kichwa ukilete. Kisha mpe Danieli yule wa udongo ambebe mwenyewe kwa miguu mpaka kanisani, nitamshika mkono mwingine. Akimwangusha njiani usimgombeze. Udongo ninao, na siku hiyo mikono yangu itakuwa safi.

Mimi bibi yako niliyenuna,
Mabawa, Tanga