Bustani Uliyotuachia kwenye Karatasi

Salma, mdogo wangu,

Bustani yako imekwisha. Nakuandikia nimekaa ndani yake, hapa Ibra, mji wetu wa ukingo wa jangwa, katika ua wa nyumba ya marehemu baba yetu. Watu wa mbali wameshaisikia khabari hii, na nimeona si haki wewe usiambiwe.

Ulipofariki uliacha mchoro mmoja juu ya meza ya chakula. Ua wenyewe ulikuwa changarawe na jua tupu. Matanga hayajapoa, Dada Zuwena akasema patiwe vigae, wajukuu wapate pa kuegesha magari. Yeye ndiye mkubwa wetu, na unalijua neno lake katika nyumba hii. Nikamwambia mchoro wa Salma upo. Akanijibu, "Karatasi haioti majani, Nasor."

Huenda ningemlainisha taratibu, lau si Aisha, mjukuu wake. Mtoto yule akikupenda sana, akataka kukutetea. Ijumaa moja tuko kwenye sinia la wali, akamwambia bibi yake kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: "Bibi, hii ni bustani ya pepo na maji."

Tonge la Dada likasimama hewani. "Ya nini?"

"Ya pepo, Bibi. Wachina wote wanafanya."

"A'udhu billahi! Mapepo katika nyumba ya baba?"

Hapo nikauvaa ualimu wangu. Nikaeleza kwamba feng shui, elimu uliyoifuata katika mchoro wako, ni maneno mawili tu ya Kichina, upepo na maji, na maana yake ni kupanga mahali ili hewa na maji vipite vizuri na mtu atulie. Nikaeleza kwamba Aisha ameangusha u, na u hiyo si kitu kidogo: ukiiondoa, upepo mmoja unakuwa pepo nyingi zinazovuma, au shetani anayempanda mtu kichwani, au hata ile Pepo tunayoiomba kila siku. Nilikuwa ndiyo kwanza naingia kwenye ngeli, Dada akanikata: "Usinisomeshe sarufi. Mie ndiye niliyekufunza kuvaa viatu." Aisha akacheka mpaka akapaliwa, na bustani yako ikawa imekataliwa. Fundi wa vigae akaambiwa aje baada ya siku kumi.

Sasa nikuungamie jambo. Nilipoukunjua mchoro wako niliona umekosea. Vitabu ulivyonipa vinasema mtu akae na mlima mgongoni, na mlima huo uwe kaskazini. Wewe umechora kilima magharibi. Nikasema moyoni, maskini, maradhi yalikuwa yamemchosha. Siku kumi zile Dada alinuna ndani, nami nikawaambia wafanyakazi warundike mawe na udongo kaskazini, kama vitabu vinavyotaka. Alasiri nikaweka kiti mbele yake, nikakaa kama mfalme. Mara ikaja gharbi, ule upepo wa moto wa kiangazi unaotoka magharibi, ikanijaza mchanga kikombe na masikio.

Ndipo nikafahamu. Kule China adui ni baridi, nayo huwajia kutoka kaskazini. Kwetu adui ni gharbi. Wao waliweka mlima upande wa adui yao, nawe ukauweka upande wa adui yetu. Miaka thelathini nimesomesha jografia, Salma, nikawafundisha watoto wa watu pepo zote za dunia. Vitabu vile mie nilivisoma, wewe ulivielewa. Nilisimama pale nikijikung'uta mchanga na fahari imenijaa kifuani, kama kwamba nimeshinda mie.

Tukakihamisha kilima. Tukaugeuza na ule mfereji mdogo ambao baba aliunyoosha kama rula, unaotuletea maji ya falaji, mfereji mkuu wa mji, nao ukapinda mara mbili mbele ya kiti kama ulivyochora. Maji yanayokwenda mbio hayampozi mtu. Yanayozunguka yana nafasi ya kuilowesha mizizi na kuitia hewa ubaridi. Sababu za hayo yote sikumweleza Dada. Siku moja kabla ya fundi kuja, nilimwomba tu atoke nje tunywe kahawa.

Akatoka, akakaa. Gharbi ilikuwa inavuma, tunaiona inavyoikung'uta mitende ya jirani. Pindo la buibui lake halikutikisika. Alikunywa vikombe vitatu. Kisha, hanitazami, akasema, "Mwambie yule fundi vigae vyake akavitie kwao." Akakiweka kikombe chini: "Hivi Salma aliyafikiri yote haya peke yake?"

Nikasema, ndiyo, Dada. Peke yake.

Akalia. Sikupata kumwona akilia tangu tulipokuzika.

Mkomamanga uliouchora umeshika mizizi sasa. Kuna na asumini, ambayo haimo katika mchoro wako. Dada aliitaka, nami sikuweza kumkatalia, unisamehe. Wageni wanatoka miji ya mbali, Sur na Nizwa, kuja kutazama, na Dada ndiye anayewatembeza, mie sipewi hata nafasi ya kukohoa. Anawaambia kilima kiko magharibi kwa sababu kwetu hapa kibla iko magharibi, na Salma alitaka mgeni akiingia tu aijue.

Mara ya kwanza nilifungua mdomo nimsahihishe. Unanijua. Lakini wageni walipokwenda zao alitandika msala wake mbele ya kilima, akasali alasiri, na alipotoa salamu alikaa muda mrefu, mikono ameinua. Nikamsikia akilitaja jina lako, tena na tena.

Pumzika, mdogo wangu. Mola akupe kivuli kizuri kuliko hiki ulichotupa. Nakuahidi nitaimwagilia bustani yako kila siku nitakayoamka na nguvu, na nitawaeleza watu khabari za gharbi na za Wachina, wanaouliza na wasiouliza. Kilima nitamwachia Dada akieleze anavyotaka.

Kaka yako,
Nasor