Mwisho wa Mstari Inakura

Jumatatu, 8 Septemba

Chai. Ng'ombe wa mama amegoma kutoa maziwa tena, kelele asubuhi nzima. Nimefungua kompyuta nikakuta ujumbe kutoka kwa Mwalimu Wafula wa Myanga. Ni mwalimu mstaafu, anakusanya methali za Kibukusu na kuziandika kwa Karatasi, ile programu ya kuandikia niliyoiunda mwenyewe. Wanaoitumia ni wachache. Yeye ndiye wa kwanza kuniamini.

Ameandika: "Madam, mwisho wa mstari inakura sana. Nisaidie."

Inakura. Kwetu Wakikuyu gũkũra ni kukua, na ni kuzeeka pia. Basi mstari unarefuka wenyewe. Kazi rahisi. Nitamaliza kabla ya chakula cha mchana.

Jumanne, 9 Septemba

Sijamaliza. Nimeandika mistari mirefu, mifupi, ya kipuuzi. Hakuna hata mmoja uliokua. Nimejaribu Kiswahili, Kiingereza, hata Kikuyu na vile viwimbi vyake juu ya herufi. Kila kitu kinakaa pale kilipowekwa. Mama ameleta sahani ya githeri akauliza kama nimefiwa.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimempigia Mwalimu simu. Akapokea binti yake, Nekesa. Akasema kwa sauti ya chini: "Usijisumbue, madam. Mzee ameanza kusahau. Anaacha maneno nusu nusu. Jumatatu tunampeleka kwa daktari, na hiyo kazi tutapatia mtu mwingine."

Mzee akafoka nyuma yake: "Siachi maneno mimi! Hiyo kitu inakura, bana! Inakura kama panya!"

Panya hakui mwisho wa mstari. Panya anakula. Tangu Jumatatu natafuta mstari unaokua, kumbe unaliwa. Mwalimu ni Mbukusu, l na r kwake ni ndugu. Mimi nilimsoma kwa sikio la kwetu. Nikacheka peke yangu, halafu kicheko kikaisha.

Kwa sababu hapa kwangu programu haili kitu. Nimejaribu tena, herufi zote zipo. Ama mzee anasahau kweli, ama programu yangu inamwaibisha mbele ya watoto wake. Niseme ukweli: kwa dakika moja nilitamani kosa liwe la mzee. Nimejichukia kwa hilo.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimeenda. Lugulu mvua, Webuye jua kali, Myanga matope matupu sokoni. "Mulembe," mzee akanisalimu, akanipa kiti karibu na dirisha. Nikamweleza kuhusu kukura kwangu na kukura kwake. Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha nikamwomba aandike tu, mimi nitazame.

Anaandika huku akitamka kila neno. Kibukusu kina sauti za kupanda na kushuka. Neno likipandishwa lina maana hii, likishushwa lina nyingine. Kwa hivyo anaweka alama juu ya kila irabu inayopanda, asije mjukuu akaisoma vibaya. Aliandika methali nzima, ikakaa vizuri. Akarudi mwanzo kuweka alama. Alama ya kwanza, herufi ya mwisho ya mstari ikapotea. Ya pili, nyingine ikafuata. Nekesa alikuwa amesimama na sinia ya chai. Alisahau kuiweka chini.

Nikalifungua faili bila programu yangu, vile mashine inavyolihifadhi. Yote yalikuwepo. Methali baada ya methali, hakuna neno nusu. Maneno yanafichwa mbele ya macho yake, watu wa nyumbani wanamwambia amesahau, naye ameendelea tu, kila alama juu ya irabu yake. Mimi ningeshaacha zamani.

Nikamgeuzia Nekesa kioo cha kompyuta. Akaanza kusoma kwa sauti, akikwama, baba yake akimpandishia neno anapolishusha. Sielewi Kibukusu. Lakini safari ya tatu alipatia, nikasikia lile neno likipanda. Sikujua alama ndogo namna ile inaweza kubeba mzigo mkubwa hivyo. Nekesa alikuwa analia. Chai ilipoa.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimeipata. Kwangu ũ ni herufi moja, wimbi limeshonewa kichwani. Kompyuta ya mzee huhifadhi vitu viwili: irabu, kisha alama. Programu yangu ilifanya kama mtu wa harusi aliyehesabu akina mama peke yao na kupanga viti, halafu mlangoni akawapa viti hata watoto wa mgongoni, yaani zile alama. Akina mama wa mwisho wakabaki nje. Walikuwepo, ila hakuna aliyewaona.

Nimerekebisha mstari mmoja tu wa programu. Mmoja, na mzee alikuwa apelekwe kwa daktari! Nimemtumia. Nimefungua methali zake kwangu, nimezitazama tu, nzima, mpaka mwisho wa kila mstari. Bado nashangaa.

Jumapili, 14 Septemba

Kanisa, halafu mvua. Mahindi ya mama yameanza kukauka majani. Ng'ombe ametoa maziwa.

Nekesa ameandika. Kwa daktari hawaendi tena. Kompyuta iko mezani kwa mzee, na jioni mzee anawasomea yeye na watoto methali.

Baadaye ukaja ujumbe wa Mwalimu mwenyewe: "Asante, madam. Sasa hapa ni mimi tu ninakura."

Kula ama kuzeeka, hakusema. Sikumuuliza.