Mchumba Niliyemwandika "Amorphe"

Mama Adeline mpendwa wa gazeti letu,

Nakuomba unishike mkono kabla baba yangu hajarudi kutoka Kpandroma alikokwenda kununua maharagwe, kwa sababu ameapa kwamba akirudi ataniondoa shuleni, nami nimebakiza majuma matano tu nifanye examen d'État, mtihani wa kumaliza sekondari. Niko sixième pédagogique, mwaka wa mwisho wa ualimu, na somo ninalolipenda kuliko yote ni psychologie, elimu ya nafsi na tabia za watu, ambamo citoyen Vahwere, mwalimu wetu, alitufundisha aina nane za tabia, nerveux, colérique, amorphe na nyinginezo, na namna ya kumchunguza mtu na kumjazia fiche, karatasi ya tabia zake, nami nikawa nachunguza kila mtu, hata mchungaji, hata mama anayeuza makaa, mpaka watu wa mtaa wetu wa Mbunya wakaanza kuniita munganga ya roho, na nakiri, Mama, nilifurahi.

Basi mwezi wa tatu akaja Fulgence, infirmier, muuguzi wa hospitali ya Nyankunde, pamoja na wajomba zake, kujionyesha kwa wazazi kwa ajili ya dada yangu mkubwa, yaya Emérance, nami nikakaa mlangoni pa jikoni na fiche yangu, nikaona hasemi, anatazama chini, anakula matonge mawili ya bugali na kunawa, na akiulizwa swali wanajibu wajomba, nikaandika: amorphe, mtu asiye na nguvu ya kutaka jambo. Wageni walipoondoka nikamsomea yaya, nikamwambia, "Yaya, ule mutu iko amorphe, utaishi naye sawa vile mutu anaishi na kiti." Juma lililofuata yaya akamwambia baba kwamba hamtaki tena, mbuzi wa kwanza wa mahari wakarudishwa, na baba alipombana akaitaja fiche yangu. Baba aliisoma amesimama, akasema, "Kama masomo iko inafundisha mutoto kuvunja nyumba ya mukubwa wake, ile masomo itaishia hapa."

Mimi nimeamua, Mama, mtihani huu nitaufanya hata kwa kujificha, kwa sababu nataka kuwa mwalimu. Lakini sioni nilaumiwe kwa nini, maana fiche niliijaza sawasawa, na yaya mwenyewe haumii, nimemchunguza: hacheki, hagombi, kutwa amekaa, Jumamosi anafua kitenge alicholetewa na Fulgence, anakinyoosha, anakikunja, anakirudisha sandukuni bila kukivaa. Nimemwandika apathique, mtu asiyeguswa na jambo. Nimwambie nini baba ili anielewe?

Katsuva, Mbunya, Bunia

*

Katsuva binti yangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili sikucheka.

Msichana aliyefika sixième amevuka mengi, na mimi niko upande wako: mtihani utaufanya, tena si kwa kujificha. Lakini acha kusema fiche uliijaza sawasawa. Nyumbani kwenu mkwe akifika mara ya kwanza husemewa na wajomba zake, hamkazii macho mama mkwe, wala hali akashiba mbele yake. Hayo uliyajua kabla hujajua kusoma. Siku hiyo uliyasahau kwa sababu mkononi ulikuwa na karatasi. Fulgence angebwabwaja na kuomba bugali ya pili, baba yako angemtoa nje kabla ya chai. Na kama hana nguvu ya kutaka jambo, wagonjwa wake wanachomwa sindano na nani?

Naamini citoyen Vahwere aliwaambia kwamba mtu huchunguzwa siku nyingi na mahali pengi. Wewe ulichukua mlo mmoja. Kosa si la somo, ni la mwanafunzi mwenye haraka, na hilo ndilo utakalomwambia baba yako.

Ila usianze na baba. Anza na yaya yako, leo, kabla gazeti hili halijazunguka kwa majirani. Mwambie, "Yaya, nilisema kitu nisichokijua." Usitaje zile aina nane. Kaa kimya umsikilize. Akisema hamtaki Fulgence kwa moyo wake, ni haki yake na yaishe. Akisema anamtaka, nendeni pamoja kwa shangazi yenu, apeleke neno kwa wale wajomba, maana shangazi husikilizwa pale ambapo binti hasikilizwi.

Baba akishuka kwenye lori, mpokee mzigo, mpelekee maji ya kuoga, ngoja ale. Litaje kosa lako kabla yeye hajalitaja, kisha omba majuma yako matano. Usilie wala usibishane. Akikataa, shangazi aseme naye. Akikataa tena, niandikie, nami nitafika Mbunya kwa miguu yangu.

Na ile fiche ya yaya yako, ichane. Mtu aliyemchoka mchumba hafui kitenge chake kila Jumamosi. Hayo uliyaona kwa macho yako, ukayaandika vizuri kabisa, kisha ukaenda kuyatafutia jina kitabuni. Dada yako analia moyoni, Katsuva. Weka kalamu chini, uende ukakae naye.

Mama Adeline